Mchezo wa Kutojuana

Kila asubuhi, kengele ya uji wa watoto ikigongwa, Mama Deki alikuwa ameshafika kwenye uzio. Alikuja na kigoda, ungo wa maharage na kisingizio kile kile: upande huu wa jiko una mwanga mzuri, na macho yake siku hizi hayaoni mawe. Kazi ya kuchambua maharage ya kituo kizima aliiomba mwenyewe wiki ya kwanza tu alipofika, na Matroni akamsifu mbele ya wazee wenzake kwamba huyu si mvivu kama nyinyi. Wenzake wakamnunia siku mbili. Hawakujua kwamba angekubali hata kuchimba choo, ilimradi choo chenyewe kiwe karibu na uzio.

Uzio ulikuwa wa seng'enge. Huku Upande wa Wazee, kule Upande wa Watoto, jiko moja katikati, na lango moja lenye maandishi ya rangi ya bluu: WANAPOKELEWA WASIO NA NDUGU TU.

Watoto wakatoka kwa foleni, kila mmoja na kikombe chake cha bati.

"Shikamoo bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmeamkaje?"

"Salama, bibi!"

Wakapita mmoja mmoja, na kila mmoja akatupa "shikamoo bibi" yake. Karibu na mwisho wa foleni akaja msichana wa miaka sita, pengo la meno mawili ya mbele, gauni limemfika kwenye vifundo vya miguu. Huyu hakuamkia. Hata shingo hakuigeuza. Aligusa sikio lake la kushoto, kama mtu anayejikuna, akapita. Mama Deki naye akagusa lake. Watoto wote pale walimwita bibi, isipokuwa huyo mmoja aliyekuwa mjukuu wake wa damu.

Foleni ilipokwisha, alitoa nusu biskuti mfukoni akaisukuma chini ya jiwe, penye nguzo ya tatu ya uzio. Ikifika saa nne biskuti ilikuwa haipo. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi pamoja kwa miezi saba.

Mama Deki alipata jina hilo hospitalini, hospitali kubwa ya serikali, alikopiga deki miaka thelathini na mmoja. Aliingia kibarua akatoka kibarua, na wauguzi walimtania kwamba yeye ndiye kibarua wa kudumu. Akacheka nao. Siku mgongo ulipogoma alipewa asante ya mdomo na akaruhusiwa kwenda na sare yake. Binti yake akamchukua, wakabanana chumba kimoja, mpaka binti naye alipolazwa wodi ambayo mama yake aliijua kigae kwa kigae, asitoke tena. Akamwachia Chiriku. Mtoto huyo aliitwa Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea, na tangu hapo hakupumzika. Mwenye nyumba aliwavumilia msimu mmoja, kisha akachoka. Hakuwafukuza, muungwana yule. Alikuja na fundi wake, akang'oa mlango, akaondoka nao.

Ndipo wakaja hapa, wameshikana mikono, kama watu wasio na la kuficha. Karani wa mapokezi aliwatazama mmoja mmoja, kisha wote wawili kwa pamoja.

"Huyu ni nani wako?"

"Mjukuu wangu."

"Basi wewe una ndugu." Akamgeukia mtoto. "Na wewe una mlezi. Sasa hapa mmefuata nini?"

"Mlezi gani, mwanangu? Hata kusimama nasimama kwa kushika ukuta."

"Mama, sheria sikuitunga mimi. Wazee wanaingia wasio na mtu. Watoto wanaingia wasio na mtu. Nyinyi mna mtu, tena kila mmoja ana wake. Nendeni nyumbani."

Mlinzi wa lango ndiye aliyewaonea huruma. Alikuwa anatazama barabarani alipoongea, kana kwamba anaongea na magari. "Mama, wiki ijayo karani huyu yuko likizo. Njooni siku tofauti," alisema. "Na msijuane."

Walikwenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, kule kule hospitalini, ambako hakuna anayemuuliza mtu amekaa kwa nini. Mama Deki alikuwa na pakiti moja ya biskuti. Akaufanya mchezo. Yeye ni karani, Chiriku ni mgeni.

"Una nani, mtoto?"

"Sina mtu."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Sina bibi."

"Na huyu hapa?"

"Simjui."

Akishinda, nusu biskuti. Mara mbili za kwanza Chiriku aliangua kicheko akamrukia bibi yake shingoni, akakosa. Mara ya tatu hakucheka. Mama Deki akamwekea na mitego, maana aliwajua makarani. Alitabasamu, akafungua mikono, akasema, "Haya, mchezo umekwisha, mjukuu wangu. Mimi ni nani?" Mtoto akajibu, "Bibi!" Akanyimwa biskuti, akalia. Mtego ule ule ukawekwa tena na tena, kwa sauti ya upole na kwa sauti ya kilio, mpaka pakiti ikakaribia kwisha na Chiriku akawa anasema "simjui" huku amemkazia macho, bila kope kucheza. Mama Deki akampa biskuti nzima. Kisha akaenda msalani, akakaa kwenye sakafu aliyoisugua nusu ya maisha yake, akalia huko.

Jumatatu mtoto aliokotwa langoni. Alhamisi bibi akapokewa kwa mlango huo huo. Alipomwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza ng'ambo ya seng'enge, watoto wenzake walikuwa wameshampa jina jipya. Walimwita Kimya.

Tangazo lilibandikwa ubaoni siku ya kwanza ya mwezi. Watoto kumi na wawili wasio na ndugu watahamishiwa Kituo cha Mfano, mkoa wa mbali, safari ya siku mbili. Yeyote mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku kumi na nne. Mama Deki alisoma polepole, akifuatisha kwa kidole. Kimya alikuwa wa sita.

Alisubiri siku tatu, akipiga moyo konde. Siku ya nne alikwenda ofisini kwa Afisa Ustawi, kijana wa rika la marehemu binti yake, mstaarabu, mwenye kikohozi na meza iliyojaa mafaili. Alimvutia kiti mwenyewe.

"Karibu, bibi. Wamekuonea huko?"

"Hapana, baba. Nimekuja kwa ajili ya yule mtoto Kimya. Asihamishwe."

"Kwa nini?"

"Ana ndugu."

Afisa alishusha kalamu. "Ndugu gani?"

"Mimi. Nimemzaa mama yake."

Kijana aliinuka akaenda kufunga mlango. Aliporudi hakukaa. "Bibi, sikiliza vizuri. Mtoto mwenye ndugu hahamishwi, umesema kweli. Lakini mtoto mwenye ndugu hakai hapa. Na mzee mwenye ndugu hakai hapa."

"Basi tukae wapi?"

"Ndugu akijitokeza, anaandika anwani yake, tunakwenda kukagua makazi, tunamkabidhi mtoto. Anwani yako ni ipi?"

"Si hapa?"

Afisa akakaribia kucheka, lakini hakuwa mtu mbaya, akajizuia. "Hapa ni pa wasio na ndugu, bibi."

Nje mtu alikuwa anafagia. Mama Deki alisikia kwamba mfagio umekwisha na mfagiaji hajui.

"Nikiandika ulichosema," Afisa aliendelea kwa sauti ya chini, "kesho asubuhi mko nje wote wawili, na mimi nitaulizwa mliingiaje. Nisipoandika, wewe una kitanda, yeye anapata shule, tena nzuri. Kalamu hii hapa. Niandike?"

Alimngoja. Hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumngoja Mama Deki hivyo, naye alilijua hilo akamshukuru moyoni. Alifikiria fremu isiyo na mlango. Alifikiria mvua. Alifikiria mgongo wake na uzito wa mtoto aliyesinzia.

"Usiandike," alisema.

Alijichukia tangu mlangoni mwa ofisi ile. Siku kumi zilizobaki aliweka biskuti nzima chini ya jiwe badala ya nusu, zote alizogawiwa, na hakuna aliyeona ajabu kwamba yule mzee wa maharage amekonda.

Gari lilikuja saa nne asubuhi, jeupe, safi. Watoto kumi na wawili walipangwa uani na mikoba mipya mgongoni. Wazee nao walitolewa nje wapunge mkono, maana kuna mtu amekuja na kamera. Mama Deki alikaa kwenye kigoda chake, ungo magotini. Alikuwa amepanga kila kitu: atagusa sikio, mtoto atagusa sikio, basi. Aliapa hatainuka.

Kisha akaona kwamba viatu vya Chiriku vimevaliwa kushoto kulia, na hakuna mtu aliyevitazama.

Ungo ukaanguka. Maharage yakamwagika uani, na mwanamke aliyekuwa hawezi kusimama bila ukuta akavuka ua mzima peke yake.

"Andika!" alimpigia kelele Afisa Ustawi. "Andika sasa! Huyu ni wangu! Mimi ni bibi yake mzaa mama, tutoeni wote wawili, tutalala hata mtaroni. Andika!"

"Mama Deki, leo umepatwa na nini?" Matroni alimdaka mkono. "Huyu mtoto hana mtu."

Mwenye kamera aliishusha. Afisa Ustawi alisimama na orodha yake mkononi, uso umemshuka. Kisha akapiga goti moja mbele ya mtoto, kwa upole wote ambao serikali ingeweza kuwa nao.

"Hebu niambie, mwanangu. Unamjua bibi huyu?"

Chiriku alimkazia bibi yake macho. Kope hazikucheza.

"Simjui."

"Una bibi?"

"Sina bibi. Sina mtu."

"Chiriku!" Mama Deki alipiga magoti, akafungua mikono, machozi yanamtiririka. "Mchezo umekwisha, mjukuu wangu. Umekwisha kweli, leo ni kweli. Waambie. Mimi ni nani?"

Mtoto alimtazama vizuri, machozi na mikono na yote. Aliyakumbuka hayo yote tangu kwenye benchi.

"Simjui," alisema, kwa sauti kubwa zaidi.

"Masikini," Matroni akanong'ona. "Umri huo. Wengi huanza kudai watoto wa watu."

Afisa Ustawi aliinuka akajifuta vumbi la goti. Hakumtazama mtu. "Umesikia, Matroni," alisema. "Ndugu hakujitokeza." Akaweka alama kwenye jina la sita, na mkono wake ulikuwa umetulia kabisa.

Wazee wawili walimwinua Mama Deki wakamshika mabega. Wakamwambia wazee wote huja kuwa hivyo, ajikaze. Gari likawashwa, likazunguka polepole kukwepa maharage, likaelekea langoni.

Kwenye dirisha la nyuma akatokea Chiriku. Alikuwa anatabasamu na pengo lake lote. Alikuwa ameshinda mtego mkubwa kuliko yote, mbele ya Matroni, mbele ya kamera, na hakucheka hata kidogo. Akagusa sikio la kushoto. Kisha akatoa mkono nje ya dirisha, akafungua kiganja, akangoja biskuti yake. Kiganja kilikuwa bado wazi gari lilipokata kona.