Kawa la Kurushia Vishale

Hadijah alilisuka kawa hilo kwa mikono yake, barazani kwake Koboko. Alianzia katikati kwa duara dogo jekundu, akazungusha nyasi na kuzibana mpaka likawa kubwa kama sinia. Makawa yake mengine watu walinunua kufunikia chakula. Hili alilipigilia ukutani, kwa sababu mjukuu wake Shakirah alikuwa ameupenda mchezo wa vishale, na ubao wa dukani hawakuumudu.

Kila siku baada ya sala ya alasiri bibi alikaa kwenye mkeka akimtazama akirusha.

"Kiwiko usishushe. Mguu usiinue. Achia polepole, mwanangu, nyasi zisikatike."

Shakirah alitii. Akajifunza kurusha kwa ulaini, kishale kikazama kwenye nyasi kama sindano kwenye kitenge, kikatulia. Miezi ikapita, duara jekundu likachakaa kwa kuchomwa.

Siku ya kuchagua timu ya vishale ya wanawake, bibi na mjukuu walipanda gari asubuhi hadi Arua, kwenye ukumbi wa klabu huko mlimani. Nafasi ilibaki moja. Shakirah alisimama vizuri kuliko wenzake wote, hata nahodha wa klabu, mzee Okuonzi, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kishale cha kwanza kilienda palepale palipotakiwa, kikagusa ubao, kikadondoka sakafuni. Cha pili vilevile. Cha tatu kilining'inia kidogo, kisha nacho kikaanguka.

Watu walicheka. Linda, msichana aliyekuwa akiigombea nafasi hiyohiyo, hakucheka. Aliinama akaviokota, akavifuta vumbi kwa gauni lake, akamrudishia mwenzake.

"Dada, jicho yako iko sawa," alisema Okuonzi. "Lakini unarusha kama unaomba ubao ruhusa. Hii iko ngumu, inataka nguvu. Nani alikufundisha?"

Hadijah alijiweka sawa kwenye kiti, tayari kuitwa.

"Hakuna mutu," alisema Shakirah, bila kugeuka.

"Basi huyo hakuna mutu ameharibu mukono yako."

Wakacheka tena. Nafasi akapewa Linda.

Njiani Shakirah alinunua maji, akamfungulia bibi yake chupa, maana vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kusuka. Hadijah alikunywa, akashukuru. Alijaribu kuamini kwamba mtoto alimficha ili yeye bibi asichekwe. Alijaribu hivyo mpaka Koboko, na hakufaulu.

Nyumbani, Shakirah aling'oa misumari, akalishusha kawa na kulifunikia ugali na maharage.

"Sasa lifanye kazi yake, Haboba," alimwambia bibi yake.

Nzi wakaanza kuingia kupitia matundu ya vishale, mmoja baada ya mwingine. Hadijah alikaa karibu, akawa anawafukuza kwa kiganja mpaka mjukuu wake aliponawa mikono na kuja kula.