Nakshi Zilizokwama Kwenye Kompyuta ya Mzee Maftah

Mashine ya kudarizi ya Mzee Maftah ilikufa wiki ya pili ya mwezi wa tatu, katikati ya nembo ya shule, sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa. Fundi aliyeitwa kutoka Musoma aliifungua, akaichungulia kwa tochi ya simu, akaifunga tena na kusema vipuri vyake havitengenezwi siku hizi. Ikram, binti wa mzee, hakupoteza muda kulalamika. Ndiye aliyekuwa akiliendesha lile duka la ushonaji pale Mugumu tangu mikono ya baba yake ilipoanza kutetemeka. Alipanda basi kwenda Mwanza, akarudi na mashine mpya ndani ya makartoni, na kabla ya Ijumaa ilikuwa imesimama pale pale ilipokuwa ya zamani.

Tatizo lilijitokeza Jumatatu, alipokuja Eunice. Huyu alikuwa kiongozi wa kwaya ya akinamama kutoka Issenye, mtu mzima mwenye sauti nzito na maneno machache. Miaka kumi na miwili nyuma duka hilo liliwashonea majoho meupe yenye nakshi ya bluu kwenye kola na kwenye mikono. Sasa paa la stoo walimoyahifadhi lilikuwa limeng'olewa na upepo, na kilichoachwa na mvua kikamalizwa na mchwa. Walitaka mengine, ya vilevile. Alikuwa na picha moja kwenye simu, kwaya nzima imepigwa kwa mbali, na nakshi yenyewe ilionekana kama doa la wino lililomwagikiwa maji.

"Ile ile," alisema Eunice. "Wenzangu wameniambia nikirudi na nyingine, nitaivaa peke yangu."

Nakshi ile ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya kompyuta ya zamani ya Mzee Maftah, ile iliyokuwa ikiiamrisha mashine iliyokufa. Kompyuta yenyewe ilikuwa hai, ingawa ilikohoa kila ilipowashwa. Ila kutoa kitu ndani yake ndiko kulikoshindikana. Matundu yake yote ya flashi yaliungua mwaka juzi, siku umeme uliporudi kwa kishindo. Sehemu ya kuwekea sidii ilikuwa imejifunga na haikufunguka tena. Intaneti haikuwahi kuijua.

Kazi hiyo ilimwangukia Mogesi. Msichana huyu alitoka Nyarero, kule Tarime, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili dukani. Kazi yake ilikuwa kuchora nembo na nakshi kwenye laptop yake mwenyewe, laptop iliyopita mikononi mwa watu wengi kabla yake. Alipoinunua ilikuwa na Windows, nayo ilikuwa ikichukua dakika kumi kuamka, mpaka akasoma mahali kwamba kuna mfumo mwingine wa bure, Linux, unaoweza kuifufua. Akauweka bila kujua anachokifanya, ukakubali. Tangu siku hiyo alikuwa mgonjwa wa kutaka kujua. Kitu kikimkatalia alikuwa hakasiriki, alikuwa anakisogelea.

Alipendekeza kwanza kuichomoa diski ya ile kompyuta. Mzee Maftah, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akakataa. Alieleza kwamba kuna fundi aliwahi kuifungua, ikalala wiki mbili bila kuwaka, na siku ilipowaka hakuna aliyejua kwa nini. Hakutaka iguswe tumboni. Na Mogesi, alipoisikiliza ile diski ikikwaruza, aliona mzee ana haki ya kuogopa.

Basi akaizunguka. Alipiga magoti nyuma ya meza, akapangusa vumbi kwa kipande cha kitambaa, akaanza kuhesabu matundu. Tundu la skrini. La kibodi. La waya mnene uliokwenda kwenye mashine. Chini kabisa, likiwa limezibwa na nyuzi na utando wa buibui, kulikuwa na tundu la pembe nne ambalo kwa sura lilionekana halijawahi kutumika. Tundu la waya wa mtandao. Na laptop yake ilikuwa na la namna hiyo hiyo ubavuni.

Alikwenda kuazima waya kwenye duka la simu la jirani. Alipouchomeka upande huu na upande ule, kijitaa cha kijani kikawaka nyuma ya kompyuta ya mzee, kikaanza kupepesa. Mogesi alikitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hapakuwa na intaneti, hapakuwa na kitu chochote katikati, ni waya tu wa mita mbili, lakini kompyuta mbili zilikuwa zimehisiana.

Kuhisiana ni jambo moja na kuongea ni jingine. Asubuhi ile nzima aliitumia kwa hilo, simu mkononi, akisoma maelezo ya watu wasiofahamika waliowahi kukwama kama yeye. Akajifunza kwamba kila kompyuta lazima ipewe namba yake, namba zinazofanana mwanzo na kutofautiana mwisho, ndipo zijuane kuwa ni majirani. Akazipa. Akaiagiza ya mzee ibishe hodi kwa laptop. Ikaitikiwa mara nne, mistari minne myeupe kwenye kioo cheusi. Akaenda kwenye folda ya nakshi, akachagua ishirikishwe, na akaweka sharti kwamba yeyote atakayeiona aisome tu, asiweze kubadili wala kufuta.

Mzee aliuliza kitu kimoja. Alitaka kujua kama vikishatoka humo, humo kutabaki na nini. Mogesi akamweleza kwamba ananakili, hahamishi, na kwamba vyote vitabaki kama vilivyo. Mzee akaitikia kwa kichwa, lakini alisogeza kiti chake karibu zaidi.

Laptop ikaiona kompyuta ya mzee. Jina lake likatokea kwenye orodha, MAFTAH, kwa herufi kubwa. Mogesi akabonyeza, na laptop ikakataa kuingia.

Ikram, aliyekuwa akikata vitambaa, alimwambia apumzike ale kwanza. Mogesi alikula huku akisoma, na kwenye ukurasa wa tatu au wa nne akaelewa. Mifumo hii miwili, pamoja na tofauti zake zote, ina lugha moja ya kupeana mafaili. Lakini lugha hiyo imebadilika kwa miaka. Kompyuta ya mzee ilijua ile ya zamani tu, na laptop ilikuwa imefundwa kuikataa ile ya zamani kwa sababu wezi wa mitandaoni walishaizoea. Haikuwa imeharibika wala kugoma. Ilikuwa inajilinda.

Akazima intaneti ya laptop ili asimwachie mtu mlango. Akafungua faili la mipangilio, akaongeza mstari mmoja wa kuiruhusu ikubali lugha ya zamani, akahifadhi, akabonyeza tena.

Folda ikafunguka. Mafaili mia mbili na kumi na sita yakajipanga kwenye kioo cha laptop, yote kwa namba, 001, 002, 003, hadi mwisho. Mogesi aliyanakili mara mbili, sehemu mbili tofauti, kisha akaegemea ukuta na kugundua kuwa miguu yake imekufa ganzi.

Lakini ipi ilikuwa ya Issenye? Mzee Maftah hakukumbuka namba. Zamani alikuwa na daftari, nalo lilipotea walipohama fremu ya duka. Ikabidi Mogesi afungue moja moja. Ndipo udadisi wake ulipompeleka pembeni ya njia. Badala ya kulifungua faili kwenye programu ya kuchorea, alilifungua kama maandishi ya kawaida, aone tu lina nini ndani. Ilikuwa vurugu tupu, alama juu ya alama. Isipokuwa mwanzo kabisa, ambako kulikuwa na maneno machache yanayosomeka: idadi ya mishono, urefu, upana, na jina fupi ambalo aliyeitengeneza nakshi aliliandika kwa mkono wake.

Akaiagiza laptop imtolee majina yote kwa mpigo. Mengine yalikuwa ya kawaida: nembo ya shule fulani, herufi, msalaba, nyota na mwezi. Lakini sitini na moja yaliandikwa neno moja na namba. MAUA 1. MAUA 2. Hadi MAUA 61.

Akafungua MAUA 1 akitegemea waridi. Akakuta pembetatu ndani ya pembetatu. MAUA 2 ilikuwa mistari iliyokatikakatika, inayoachana na kukutana. Ya tisa ilikuwa kitu kama ukingo wa ungo. Alifungua ishirini mfululizo na hakuona ua hata moja. Zilikuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kuchora yeye, nyepesi, zenye mwendo, lakini maua hazikuwa.

Kwenye ya ishirini na tatu alisimama. Mistari minene ilipanda kwa kupinda, mmoja juu ya mwingine, na kati yake vijishono vidogo vya kusimama. Aliigeuza juu chini, akairudisha. Alikuwa ameliona jambo hilo maisha yake yote. Yalikuwa matuta ya mihogo kwenye mteremko, jinsi yanavyoonekana ukiwa juu barabarani, kule kwao Nyarero.

"Mzee," aliuliza, "mbona hizi umeziita maua, na maua hayamo?"

Mzee Maftah aliangalia kioo, akaangalia mikono yake. Kisha akasema kwa utulivu, kama mtu anayetaja siku ya wiki, "Si maua hayo. Ni Maua. Mama yake Ikram."

Ikram akaacha kukata.

Mzee akaeleza. Alikuwa fundi, alijua kuigeuza picha kuwa mishono, lakini kuchora hakujaliwa. Mkewe ndiye aliyekuwa akichora, jioni, kwenye karatasi za hesabu zenye miraba, na mzee akiziingiza kwenye kompyuta mraba kwa mraba. Aliandika jina la mkewe kwenye kila moja ili asizichanganye na za wateja. Watu walipozisifia walimsifia yeye aliyekuwa mbele ya duka, na yeye hakukanusha wala hakudai. "Hakuna aliyeniuliza," alisema, na sauti yake ilionyesha kuwa yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaisikia sentensi hiyo ilivyo.

Ikram aliinuka. Aliweka mkasi, akatoka kwa mlango wa nyuma, akarudi na mama yake.

Bi Maua alikuwa mwanamke mwembamba, mtandio umefungwa nyuma ya shingo kwa ajili ya kazi, mikono bado ina unga. Mogesi alimwamkia shikamoo na kumpisha kiti. Kwa karibu miaka miwili alikuwa amekula chakula cha mama huyu karibu kila siku na hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya chumvi na afya za nyumbani.

Bi Maua aliziangalia nakshi zikipita. Halafu akaanza kuzitambua, moja baada ya nyingine, kwa kidole kisichogusa kioo. Hii niliichukua kwenye kifuniko cha kikapu sokoni. Hii ni bati la paa la jirani, lilivyokuwa limekunjika. Alipofika kwenye ya ishirini na tatu, Mogesi alimtangulia, akamwambia pale ni kwao.

"Nilikwenda huko harusini," alisema Bi Maua. "Wenzangu walikuwa wanaangalia bibi harusi, mimi nikawa naangalia mlima." Akamtazama Mogesi vizuri, kana kwamba wanaonana kwa mara ya kwanza. "Umeyajuaje matuta?"

"Nimeyalima."

Wakacheka wote wawili.

Ya Issenye ilikuwa MAUA 37. Mogesi aliijua mara alipoona bluu, vijimishale vinavyofuatana kwa pande mbili. Eunice alikuwa ameieleza kama matawi ya mitende. Bi Maua akasema hapana, ile ni alama ya tairi la baiskeli kwenye udongo uliolowa, barabara ya kwenda Issenye, asubuhi moja baada ya mvua. Siku ile aliifuata alama hiyo kwa macho mpaka ikaishia.

Ikram alimwuliza mama yake kwa nini aliacha. Bi Maua akasema macho yake yaliingia ukungu, na yalipofanyiwa upasuaji yakapona, duka lilikuwa limeshakuwa la nembo za shule tu. Halafu akainama karibu zaidi na kioo, akawauliza kama inaweza kukuzwa. Mogesi akaikuza. Bi Maua akaonyesha mahali ambapo mshale mmoja ulikuwa umepishana na mwenzake.

"Hapa nilikosea miraba miwili. Miaka yote hii wameimba nayo hivyo."

Aliuliza kama panarekebishika. Mogesi akamwekea mkono kwenye mausi na kumwonyesha jinsi ya kushika nukta na kuivuta. Mara mbili nukta ilimponyoka. Ya tatu ikakaa. Bi Maua aliivuta nyingine ambayo haikuwa na kosa lolote, akaona nakshi yote ikiyumba, akairudisha, akaivuta tena upande mwingine. Alitaka kujua kama mstari unaweza kunenepa katikati. Alitaka kujua nini kitatokea ukiunganisha ya tisa na ya thelathini na saba. Mzee Maftah alituma mtu mgahawani kuleta chai, kisha akabadili nia na kwenda kuileta mwenyewe, kikombe kikigongana na sahani njia nzima.

Majoho yalikamilika mwezi wa tano. Eunice alipokuja kuyachukua alilikunjua moja mezani, akapitisha kidole kwenye kola mpaka mwisho, akarudia.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Lakini kuna kitu kimenyooka."

Ikram akamwambia imerekebishwa na aliyeichora. Eunice akamgeukia Mzee Maftah kumshukuru, na mzee akanyoosha mkono wake unaotetemeka kuelekea kona ya duka, ambako Bi Maua na Mogesi walikuwa wameinamia laptop wakibishana kwa sauti ya chini kama nakshi ya kamba ya ng'ombe inaweza kukaa vizuri kwenye mkono wa gauni.

Eunice akasogea kuangalia.