Shupaza Nne za Mwalimu Elieza

Hakuna sauti iliyomkera Mwalimu Elieza kama ya Ernest akimhurumia. "Pole, ndugu yangu, uzee huo," ndivyo alivyosema kila Jumamosi baada ya kumshinda, na juzi alimshauri kwa upole aiache kabisa briji, mchezo wao wa karata, kabla hajajiaibisha. Mwaka mzima Elieza alikuwa akifungwa na mtu huyo huyo, hata akaanza kuamini kwamba kichwa chake kimechoka. Na kipofu kichwa kikimtupa, abaki na nini?

Karata zenyewe alizitengeneza Ernest kwenye karakana yake Kizota. Elieza, aliyejifunza kusoma kwa vidole tangu utotoni katika shule ya wasioona ya Buigiri, alimfundisha herufi za nukta. Ernest akazigonga kwa msumari pembeni mwa kila karata, akamletea kama zawadi. Kanisani walimpigia makofi.

Jumamosi hiyo walikuwa wanne kama kawaida katika ukumbi wa Ipagala: Elieza na mchezaji mwenzake Salha, muuza dawa, dhidi ya Ernest na Nasri. Elieza ndiye aliyepaswa kufungua mnada, yaani kutaja ahadi ya kwanza. Akapapasa karata zake: kopa tisa, pau tatu, uru moja, shupaza hakuna hata ya dawa. Karata za namna hiyo mtu huzishika mara moja maishani. Mwenye akili angefungua kwa kopa nne, yaani angeahidi kushinda mizunguko kumi kopa ikiwa turufu, kisha amwachie Mungu.

Akiwa bado anazipanga, alisikia Ernest, aliyekaa kushoto kwake, ameacha kutafuna karanga. Akakumbuka kwamba siku zote huacha wakati huo. Kidole kikateleza nyuma ya karata, kikakuta vishimo. Kila nukta aliyoisoma yeye kwa mbele, kwa nyuma ilikuwa imebonyea, wazi kwa yeyote mwenye macho na anayezijua herufi. Lakini kushuku si kuthibitisha.

"Shupaza nne," akasema.

Ulikuwa uongo mtupu, ingawa sheria za briji haziukatazi. Mtu asiyezijua karata zake angeuamini, akapita bila kupinga.

"Dabo," Ernest akajibu papo hapo, maana yake anaapa kwamba Elieza hazifikishi kumi.

Elieza akalaza karata zake mezani, akamwomba Salha asome za Ernest. Salha alisita, kisha akasoma: shupaza mbili tu, ya tatu na ya saba. Ree hakuna, mfalme hakuna. Hata Nasri aliguna.

"Ulijuaje kwamba sina shupaza?" Elieza akauliza.

Ernest alicheka kidogo. "Macho hayana pazia, Mwalimu. Na huu ni mchezo tu."

Elieza alitoa leso akajifuta vidole, kimoja kimoja, kama aliyeshika matapishi. Kufungwa angekusamehe. Zilizomtia kinyaa ni zile pole; mtu aliyekuwa akimwibia ndiye aliyemfariji kwa kuishiwa akili.

"Ulisema Jumatatu ijayo utanipeleka hospitali nikapimwe kichwa," akasema polepole. "Ungeniacha nipimwe, Ernest, huku ukijua ni kizima?"

Salha aliinamisha uso. Ernest akakohoa, kisha akajibu, kwa upole ule ule, kwamba kupima afya hakujawahi kumdhuru mtu.