Sare Isiyoonyesha Uchafu

Sare za zamani zilikuwa za kaki, zimepauka kwa jua hadi kuwa rangi ya mchanga. Kupe akikupanda mguuni ulimwona, ukamkung'uta, ukaendelea kufyeka. Kisha kampuni ikaleta mpya, za jinzi nyeusi kama masizi, jina lake mgongoni kwa herufi za kusomeka ng'ambo ya bonde.

"Hizi hazionyeshi uchafu," meneja alisema siku ya kuzigawa, akajipigia makofi mwenyewe.

Kulikuwa na mfyekaji mmoja mwanamke ambaye wenzake walimwita Faili kwa sababu hakusahau kitu. Alinyoosha mkono siku ile ile. "Bosi, kwenye nyeusi kupe haonekani."

"Kwani mama, mnaenda kufyeka au kupiga picha?"

Watu wakacheka. Waliocheka sana ndio hao hao waliojikuna hadi asubuhi.

Kazi yao ilikuwa kufyeka nyasi chini ya nyaya za umeme, nyasi za kiunoni. Faili ndiye aliyemwingiza mdogo wake kazini, na ndiye aliyemfundisha. "Soksi juu ya suruali, si chini yake. Usikae nyasini. Kupe anakaa kwenye ncha ya jani kama mmbea dirishani, anangoja upite. Ukirudi vua zote, ujikague: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kwenye nywele."

"Dada, hata mume wangu hajawahi kunikagua hivyo!"

Mdogo wake alijikagua, lakini jioni, na kupe alikuwa ameshapanda mchana kutwa juu ya ule weusi bila jicho kumwona. Alimkuta pajani, kanona kama kunde. Msimamizi wao wa kazi akaja na mafuta ya taa na kiberiti. "Mchome, ataachia mwenyewe."

Faili alipofika, kazi ilikuwa imeshaharibiwa.

"Ukimchoma anakutapikia humo humo! Ni kibano, umshike karibu kabisa na ngozi, umvute wima, taratibu, bila kumzungusha. Halafu sabuni. Nimesema mara ngapi?"

Siku ya sita homa ikaja. Zahanati ikatoa dawa ya malaria. Homa haikusikia. Faili akamrudisha mgonjwa, akampandisha gauni mbele ya daktari, kikaonekana kidonda chenye kigaga cheusi.

"Mbona hamkusema aliumwa na kupe?"

"Tulisema. Ulikuwa unaandika."

Dawa ikabadilishwa. Siku ya tatu mdogo wake akaomba chakula, na alipomaliza kula akasema Jumatatu anarudi kazini.

"Na sare ile ile?"

"Ninayo nyingine?"

Faili akainuka. Akachukua shuka jeupe, akaliburuta nyasini hatua mia, akalikunja, akaenda kulitandaza juu ya meza ya meneja. Vidoa kama ufuta vikaanza kutembea. Meneja akapanda juu ya kiti na viatu vyake.

"Toa takataka hiyo!"

"Umewaona?"

"Nimewaona, toa!"

"Umewaona kwa sababu shuka ni jeupe."

Kesho yake ofisi ilipuliziwa dawa, hadi chini ya zulia. Faili akapewa barua ya onyo. Sare zikabaki zile zile.

Jumatatu alfajiri mdogo wake alikuwa anavaa, amekunja upindo wa suruali. Faili akautazama upindo ule. Rangi haikupenya jinzi. Kwa ndani ilikuwa nyeupe-nyeupe, kama majivu.

"Vua," akasema. "Igeuze."

Kufika saa moja, watu kumi na tisa walisimama getini, mishono nje, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Meneja akatoka mbio.

"Wendawazimu gani huu? Jina la kampuni liko wapi?"

"Liko ndani, bosi. Nalo lijikune."

"Geuzeni! Asiyegeuza aende nyumbani!"

Hakuna aliyegeuza. Mdogo wake Faili aliinama, akamkung'uta gotini kupe aliyemdandia pale pale getini, akamkanyaga kwa buti. Wote walimwona. Hata meneja alimwona, akarudi nyuma hatua moja, kisha akachomoa kalamu na kuanza kuandika majina.

"Andika," Faili akamwambia. "Weka na tarehe. Mimi yangu nimeshaiweka kichwani, tangu siku ulipogawa sare hizi."