Bakuli la Mke wa Bwana Shamba

Mwezi wa Agosti mwaka 1975, tulipokwisha kufanya mtihani wa kusoma na kuandika, darasa letu la watu wazima lilikubaliana kufanya karamu. Ugali ungesongwa kwa pamoja kwa unga wa shamba la kijiji, na kila mwanafunzi angeleta kitoweo kimoja kutoka nyumbani kwake, kiasi cha kuwatosha watu kumi. Mimi, Mama Tadei, nilichaguliwa kusimamia mkeka wa vitoweo.

Kazi hiyo haikuwa ndogo kama inavyosikika. Kijiji chetu, kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mwazye, huku Ufipa, kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu tuhamishiwe hapo. Tulitoka vilima mbalimbali, nyumba zikapangwa kwa mistari kama madawati, na mtu akajikuta jirani yake ni mtu wa ukoo asioujua. Tuliamkiana vizuri na tulilima pamoja, lakini kula chakula cha mtu usiyemjua ni jambo jingine. Kwetu, aliyepika pombe huinywa kwanza yeye mwenyewe mbele ya wageni, ndipo kibuyu kizunguke. Tangu tuhamie kijijini, desturi hiyo tuliipeleka hata kwenye chakula. Mwanamke akitua chungu chake mbele ya watu, humega, huonja na kumeza, watu wakimwona. Hakuna anayemwamuru. Asipofanya hivyo, ndipo maneno yanapoanza.

Safari hii kulikuwa na jambo zito zaidi. Mwenyekiti wa kijiji, ndugu Wilibrodi, alikuwa akitafuta mwanamke wa kuwapikia uji watoto wa chekechea, naye alitangaza kwamba baada ya karamu tungeamua sote kwa kunyoosha mikono. Aliyejitokeza alikuwa mmoja tu, Tusajigwe, mke wa bwana shamba. Alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, hakuwa na mtoto wala ndugu hapa kwetu, na mumewe Asajile alikuwa mtu wa kutembelea vijiji, leo huku kesho kule. Siku moja darasani alisema kwamba akiwapata watoto wale, mchana wake hautakuwa mrefu tena. Kazi hiyo aliitaka sana, na sisi sote tulilijua hilo.

Mwanangu wa mwisho, Evaristi, alikuwa na miaka minne. Mkono utakaokoroga uji ule ndio utakaomlisha mwanangu, nami Tusajigwe sikumwamini. Ninaandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa na sababu zangu. Juma moja kabla ya karamu, baba wa Asajile, mzee Ambilikile, alifika kutoka Rungwe akiwa na mkungu mzima wa ndizi mbichi begani. Tangu siku ile Tusajigwe alibadilika. Aliacha kupita njia ya mbele ya nyumba, akawa anapita nyuma, katikati ya mabua ya mahindi, khanga ikiwa imemfunika uso. Kisha Asajile akaenda Sumbawanga kufuata mbolea. Siku iliyofuata, nikipita na mzigo wa kuni, nilimwona mke wake akiweka bakuli lililofunikwa kwenye kizingiti cha chumba cha mgeni. Alipiga makofi mawili, akatazama huku na huku, akaondoka mbio kabla mlango haujafunguliwa.

Nilisimama na kuni zangu kichwani. Ni nani humwekea mkwewe chakula kizingitini na kukimbia, kama mtu anayetega panya?

Jambo hilo nilimwambia Martha, jirani yangu, tulipokuwa tukipepeta ulezi.

"Umeona kwa macho yako, Mama Tadei?"

"Kwa macho yangu."

"Na alikimbia?"

"Alikimbia."

Martha aliweka ungo chini. "Basi mzee wa watu harudi Rungwe," alisema.

Kufikia jioni, habari ile ilikuwa imefika nyumba ya mwisho ya mstari wa mwisho.

Siku ya karamu upepo wa Ufipa ulivuma kweli kweli, kwa hiyo tulitandika mkeka kando ya ukuta wa darasa, mahali penye kinga. Mwalimu wetu, Gaudensi, alimwalika mzee Ambilikile kama mgeni, akampa kiti karibu na mwenyekiti. Wanawake walianza kuja. Martha alileta dagaa wa Kirando waliokaangwa kwa nyanya, akaonja. Mwingine alileta maharage ya karanga, akaonja. Yalikuja majani makavu ya maboga, ukaja mlenda, wakaja kumbikumbi waliohifadhiwa tangu masika, na kila mmoja alimega na kumeza mbele yetu. Mimi nilileta uyoga mkavu uliopikwa kwa karanga. Niliuonja mara mbili, kwa sababu msimamizi hutazamwa zaidi.

Mzee Eustaki, mwanamume pekee aliyevumilia darasani hadi mtihani, alikuwa ameleta chumvi.

"Chumvi ni kitoweo, baba?" Martha alimuuliza.

"Bila hiyo mngekuwa na vitoweo?" Akaweka punje ulimini, akameza kwa makini kabisa, watu wakacheka.

Kicheko kilikatika Tusajigwe alipotokea kwenye kona ya darasa. Alikuja kwa njia ya nyuma. Alipiga hatua mbili, akaona waliokaa vitini, akasimama ghafla, akavuta khanga hadi ikafunika uso wote. Alisogea upande upande, mgongo ukiwa umewaelekea hao, akatua bakuli lake ukingoni mwa mkeka.

"Karibu, dada," nilimwambia. "Onja basi, tulipange na mengine."

"Liweke tu, mama."

"Onja kidogo."

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini sana, akageuka na kutokomea nyuma ya darasa.

Wakati huo huo nilimwona mzee Ambilikile amegeuza uso wake ukutani. Alikaa hivyo kwa muda mfupi, kisha akachukua fimbo yake, akamwambia mwenyekiti neno moja la kuaga, akaondoka kuelekea mashambani bila kulitazama bakuli lile hata kidogo.

"Mmeona?" alisema Martha. "Hata mkwewe amelikimbia. Naye ndiye anayemjua."

"Liwekeni mbali nami," alisema mzee Eustaki. "Nina wajukuu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Nililisukuma bakuli kwa vidole viwili hadi mwisho wa mkeka, mahali ambapo mkono wa mtu usingefika. Mwenyekiti alinitazama.

"Mama Tadei, bakuli lile lina nini?"

"Sijui, ndugu mwenyekiti. Mwenyewe hakulionja."

"Sawa," alisema. "Kuleni kwanza, kisha tutaamua habari ya uji." Kwa namna alivyosema, ilionekana kwamba ameshaamua.

Watu walianza kula. Mimi nilinyanyuka nikazunguka darasa. Nikisema nilikwenda kumsaidia nitakuwa ninadanganya. Nilikwenda kuona kama kuna kitu anakizika.

Nilimkuta amekaa juu ya rundo la matofali, uso wazi, mikono mapajani.

"Tusajigwe," nilisema, "kwa nini hukuonja chakula chako?"

"Baba wa mume wangu amekaa pale."

"Kwa hiyo?"

"Kwetu mke hakai mahali anapoonekana na baba wa mume wake. Sili mbele yake, simpi kitu mkononi, wala jina lake silitaji. Akija njiani, mimi ninapita porini. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu pia."

"Na bakuli la kizingitini?"

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Kumbe ulikuwa wewe."

Akaendelea kunieleza.

"Mume wangu hayupo. Nani angempelekea mzee chakula? Ninaweka, ninapiga makofi ili ajue, ninaondoka. Akishiba hunisifu kwa sauti kubwa akiwa humo ndani, kana kwamba anausifu ukuta."

"Mzee hayupo tena pale," nilimwambia. "Ulipotua bakuli aliinuka, akaenda zake mashambani. Watu wanasema amekikimbia chakula chako."

"Ameondoka ili mimi nipate nafasi ya kukaa na wenzangu nile," alisema. "Ni heshima amenipa, mzee mzima, kaacha karamu akaenda na njaa yake. Nanyi mmeielewa hivyo."

"Basi njoo uonje, mambo yaishe."

"Hapana."

"Lakini hayupo."

"Juma zima mmenong'ona juu yangu, Mama Tadei, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza. Sasa nije nimeze mbele yenu kama mshitakiwa? Masika nilipokuja kwako ulinipa uyoga. Nilikuuliza umeuchuma wapi? Nilikutaka uonje? Nilikula mpaka nikafuta bakuli."

Hayo yalikuwa kweli. Kila mtu wa Ufipa anajua uyoga umekwisha kuua watu wangapi, na yeye aliula wangu kwa sababu tu ni mimi niliyempa.

"Na kazi ya watoto?" nilimuuliza. "Wasipokula bakuli lako hawatakupa."

"Ninajua," alisema. "Ninajua, mama. Lakini sitaonja."

Nilirudi polepole. Ningependa kuandika kwamba nilimwamini yote. Sikumwamini yote. Maneno yake yalikaa sawa, lakini mtu mwenye hila naye hupanga maneno yakakaa sawa, na mumewe hakuwepo wa kuulizwa. Nilijua jambo moja tu kwa hakika, nalo ni kwamba maneno yaliyozunguka kijiji kizima yalitoka kinywani mwangu.

Nilikaa mwisho wa mkeka, nikafunua bakuli. Zilikuwa ndizi mbichi zilizopikwa na maharage hadi zikalainika, juu yake zimemiminiwa maziwa. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, rangi ambayo mimi sikuwahi kuiona katika chakula. Nilimega ugali, nikachovya.

"Mama Tadei," alisema Martha, "una watoto wewe."

"Ninao watano."

"Na hukumwona akionja."

"Sikumwona."

Wote waliacha kula. Nilitia tonge kinywani. Kwanza nilisikia maziwa, kisha utamu wa maharage, kisha nyuma yake ukaja uchungu kidogo unaoshika ulimi. Mkono wangu ulisimama. Sikuwa ninajua kama ndizi mbichi ndivyo zilivyo au kama kuna kitu kingine. Nilimfikiria Evaristi, nikamfikiria mume wangu ambaye angesema nilijitakia mwenyewe. Nilimeza. Kisha nikamega tonge la pili, maana la kwanza peke yake wangesema nimelitema.

"Ndugu zangu," nilisema, "habari ya kizingitini niliieneza mimi." Nikawaeleza desturi ya Wanyakyusa kama nilivyoelezwa, na sababu ya mzee kuondoka. Nilieleza vibaya, kwa kurudia rudia, kwa sababu nilikuwa ninasikiliza tumbo langu huku ninasema.

"Na wewe umeyajuaje hayo?" Martha aliuliza.

"Amenieleza mwenyewe."

"Eh. Mwenyewe."

Mwalimu Gaudensi alikuja na ugali wake mkononi, akakaa karibu nami, akachovya, akala. Baada yake alikuja mzee Eustaki. "Wajukuu wameshakuwa wakubwa," alisema, akachovya. Wakaja wanawake wanne, mmoja mmoja, kila mmoja akinitazama usoni kabla ya kumega, kuona kama rangi yangu imebadilika. Wengine walibaki walipokuwa. Martha alikula dagaa wake mwenyewe.

Mwenyekiti alinawa mikono, akasimama. "Mama Tadei, mwanao yumo chekechea?"

"Yumo."

"Mama huyu akipika, mwanao atakula?"

Niliona pembeni ya jicho kwamba Tusajigwe amefika kwenye kona ya darasa na anasikia.

"Atakula," nilisema.

"Wanaokubali wanyooshe mikono."

Niliunyoosha wangu. Mingine ilipanda polepole, kila mtu akimtazama mwenzake kwanza, mmoja ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Mwenyekiti aliihesabu mara mbili. Ilizidi nusu kwa mikono miwili.

Tusajigwe alikuja kuchukua bakuli lake. Lilikuwa na ndizi kidogo chini. Hakunishukuru, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kunishukuru.

"Jumatatu mlete mtoto na kikombe chake," alisema tu.

Jumapili Martha aliwaambia watu kwamba Tusajigwe alinilisha kitu nyuma ya darasa kabla sijarudi mkekani, ndiyo maana nilikula bila woga. Kwa hiyo Jumatatu watoto waliokuja walikuwa saba, na katika hao mmoja alikuwa Evaristi. Tusajigwe alikuwa amepika uji wa watoto thelathini, sufuria imejaa hadi ukingoni.

"Mwingi huu utaupeleka wapi?" nilimuuliza.

"Wengine watakuja," alisema, akamjazia Evaristi kikombe.

Nilikaa kwenye benchi. Ng'ambo ya barabara Martha alikuwa amesimama, amemshika mkono mwanawe wa chekechea, anamtazama Evaristi anavyokunywa.