Vijidudu wa Mpakani

Haya nilisimuliwa na Mwaisha mwenyewe, jirani yangu hapa Ziwani, mwaka jana tukimenya njugu mawe za arusi ya binti yake, Zulfa. Alisimulia bila kucheka. Aliyecheka ni mimi.

Mumewe, Muhidini, ni mtu wa mahindi. Mahindi kwake ndiyo zao la mwanamume, njugu ni mambo ya wanawake. Kwa hiyo tangu mwanzo alijichukulia kipande kizuri cha shamba, akampa mkewe kile kilichochoka, ambamo hata magugu yaliota kwa kusitasita. Mwaisha akapanda njugu misimu miwili, majani yake akayafukia. Udongo ukapata nguvu. Huku kwa mume mahindi yamekuwa ya njano, yanasimama kwa kudra tu.

"Mama Zulfa, tubadilishane," akasema.

Wakabadilishana. Baada ya misimu miwili mambo yakawa yale yale, wakabadilishana tena. Mara ya tatu Mwaisha akakataa.

"Kila nikimuuguza mgonjwa akapona, wewe unamchukua. Safari hii sitoki."

"Basi nimeelewa. Unahamisha rutuba yangu. Sijui kwa njia gani, lakini unahamisha. Na hicho kipande nitakichukua."

Akamwita bibi shamba, Sabina, aje kuthibitisha wizi. Sabina akang'oa shina moja la njugu, akaonyesha vinundu kwenye mizizi, akapasua kimoja kwa ukucha. Ndani chekundu.

"Humu wanakaa vijidudu wa udongoni," akasema. "Njugu inawalisha, nao wanachukua hewa hii hii tunayovuta, wanaigeuza chakula cha mmea. Mahindi hayana wapangaji kama hawa. Yanakula tu."

Muhidini akafikiri sana. "Basi wahamishwe waje kwangu."

"Bila njugu hawakufanyii kazi, baba. Panda."

"Mimi? Nipande njugu, watu wananiona?"

 Sasa Mwaisha akasema taratibu, "Nitakupandia mimi, baba Zulfa, usipate aibu. Ila njugu nitavuna mwenyewe, na kipande changu hutakitaka tena. Bibi shamba ndiye shahidi."

Muhidini akakubali upesi, akijiona amemzidi mkewe akili: jembe ashike yeye, rutuba apate mume.

Basi msimu ule Mwaisha alikuwa na njugu za vipande viwili, na Muhidini alikuwa na dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba. Alilijenga mpakani, akawa anashinda juu yake, akilinda vijidudu wake wasivukie kwa mkewe.

Siku tuliyokuwa tukimenya tulimwona kutoka uani, juu ya dungu lake, bakuli la njugu za kuchemsha mapajani mwake.

"Analinda kweli," nikasema.

"Ngoja amalize kula," Mwaisha akajibu bila kuinua uso.

Muhidini akala zote, akajipangusa mdomo, akautazama mpaka toka mwanzo hadi mwisho, akalala.