Hatua Mia Nne za Mama Olivier

Mama Olivier alikuwa ameshaitukana ile saa kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda na kwa Kifaransa kidogo alichobakiza kutoka shule ya msingi, na bado ilikataa. Kila jioni aliisogeza karibu na simu kama alivyofundishwa, kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu maandishi mekundu: imeshindikana. Shenzi kabisa!

Na wala haikuwa saa ya pambo. Waasi walipoanza kuukaribia mji, mwanawe Olivier aliituma kutoka Ubelgiji, na sharti juu yake. Mama atembee hatua elfu kumi kila siku, mwezi mzima, saa imtumie hesabu yeye kule. Akiweza, abaki na nyumba yake ya mtaa wa Murara. Akishindwa, basi amezeeka, nyumba iuzwe, ahamie Kampala kwa dada yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mwana wa Ubelgiji utamwambia nini?

Mama Olivier alikubali papo hapo. Nyumba ile aliijenga juu ya lava ya mwaka 2002, lava iliyomeza nyumba yake ya kwanza, na mawe aliyavunja mwenyewe. Mlima ulipotapika tena 2021 alikimbia mpaka Sake, akarudi, akafagia majivu, akapika maharage. Leo aje ahamishwe na saa? Thubutu!

Waasi wakaingia. Umeme ukakatika, mabomba yakakauka. Kila asubuhi alishuka ziwani, akapanda kurudi Murara na bidoni, dumu la maji la lita ishirini, mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, mikono yote miwili imeishika kamba hapa masikioni. Siku moja, katikati ya mlima, saa ikatetemeka: umekaa muda mrefu, inuka utembee kidogo.

"Nani amekaa?" alifoka, watu wakageuka. "Miye? Njoo ubebe hii bidoni, mujinga weye!"

Mwezi ulipobakiza siku moja, akaipeleka kwa Hitimana, jirani anayetengeneza simu. Hitimana akabonyeza hapa, akafuta pale, kiduara kikasimama. Imetuma! Mama Olivier akapiga vigelegele, akamshika Hitimana mabega. Hata hajamaliza kushangilia, simu ikalia, Hitimana akaiweka kwenye spika.

"Mama, uko mugonjwa?" Alikuwa Olivier. "Jana hatua mia ine. Juzi mia tatu. Mwezi muzima uko unakaa tu! Tulipatana, Mama. Nyumba tunauzisha."

Mia nne! Magoti yake yalikuwa bado yanauma kwa ule mlima.

"Mama," Hitimana akamwuliza polepole, "mukono wenye saa, unashikaka nini ukitembea?"

"Kamba ya bidoni."

"Basi. Hiyo saa inahesabu mukono ukicheza. Ukishika kitu, haioni kama unatembea."

Yewe! Hasira ilimpanda mpaka macho yakamjaa machozi. Akaisogeza simu mdomoni.

"Olivier, sikia muzuri. Lava ya 2002 ulikuwa na miaka ine. Nilikubeba ku mugongo toka Murara mpaka Gisenyi, ng'ambo ya mupaka, usiku muzima, mikono yangu yote mbili nyuma, imeshika matako yako usianguke. Haikucheza hata kidogo. Kwa saa yako, ile siku sikutembea."

Akafuta machozi kwa kiganja.

"Sasa weye uniambie. Ulifikaje Gisenyi?"

Simu ilikwaruza hadi Hitimana akadhani rezo ya mtandao inakatika. Haikukatika. Olivier alikuwa analia.

"Bakia na nyumba yako, Mama."

"Sikukuomba ruhusa," akasema Mama Olivier. Akaivua saa, akaiacha pale mezani kwa Hitimana, akajitwika bidoni yake tupu. Muda wa maji ulikuwa umefika.